Hawaii wanasema hivi, Réunion wanasema vile: kimbunga kikija, umsikilize nani?

Alhamisi jioni, tarehe 2 Mei 2024, mjomba alinipigia simu kutoka Kilwa Masoko. Yeye ni mtu wa bahari, ana boti mbili za fiba zinazovua usiku, na si mtu wa kumaliza salio lake kwa salamu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayekesha na picha za mawingu? Haya niambie. Hiki Hidaya kinakuja kwetu au kinakwenda kwenu Dar? Na ni kimbunga cha kweli au ni kusi tu imetangulia? Huku kila mtu ana namba yake."

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta hata mimi nina namba nne, na hakuna mbili zinazofanana. Moja ya kituo cha vimbunga cha kisiwani Réunion, moja ya kituo cha Wamarekani kilichopo Hawaii, moja kutoka modeli ya Ulaya na moja ya Marekani, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya siku zijazo. Zote nilikuwa nazo kwenye simu, zote za siku ileile. Nikamwambia anipe nusu saa.

Nusu saa ile ndiyo chanzo cha maandishi haya. Tangu kimbunga Jobo cha Aprili 2021 nimekuwa nikifuatilia mambo haya kama wengine wanavyofuatilia ligi, na nimeona kwamba mabishano yetu mengi hayatokani na kimbunga. Yanatokana na kulinganisha vitu visivyolingana: mmoja ameshika kilo, mwingine ameshika ratili, na wote wanasema "uzito".

Kwanza nieleze kwa nini huku kwetu mabishano huwa makali kuliko Madagascar au Msumbiji, ambako vimbunga ni mambo ya kila mwaka. Sisi tuko karibu mno na ikweta. Nguvu ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kijizungushe ni hafifu huku, na mbele yetu Madagascar imekaa kama ukuta. Kwa hiyo vinavyotufikia ni vichache, na kila kimoja kinakuwa hadithi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi ya Sultani Barghash na kulaza mikarafuu. Aprili 1952 kingine kiliingia kusini mwa Tanganyika, pande za Lindi na Mtwara. Kisha tukakaa miaka mingi tunasikia tu vya majirani, mpaka Kenneth cha 2019, Jobo cha 2021 na Hidaya cha 2024. Angalia miezi: mara nyingi ni Aprili au mwanzo wa Mei, wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijakaa sawasawa. Mtu aliyeona vimbunga vitatu maisha yake yote hana mazoea ya kumsaidia kuchuja habari. Anaamini namba kubwa kuliko zote, au haamini hata moja.

Nguvu: Réunion na Hawaii

Kwa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, vituo viwili vinavyotajwa sana ni hivi. Cha kwanza kiko kisiwani Réunion, chini ya Météo-France, na ndicho kilichokabidhiwa ukanda huu na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Cha pili ni JTWC, kituo cha jeshi la Marekani kilichopo Pearl Harbor, Hawaii.

| | Réunion | Hawaii (JTWC) |
|---|---|---|
| Upepo ni wastani wa | dakika 10 | dakika 1 |
| Neno "kimbunga" huanza | noti 64 (km 118 kwa saa) | kiasi cha noti 35 |
| Anayeandikiwa | nchi zote za ukanda | meli na kambi za Marekani |

Mstari wa kwanza wa jedwali hili ukiuelewa, nusu ya ubishi umekwisha. Upepo haupulizi sawasawa, una pumzi. Ukichukua wastani wa dakika moja unapata pumzi ile kali. Ukichukua wa dakika kumi, pumzi kali inachanganyika na zile za kupumzika, na namba inashuka. Kimbunga ni kilekile. Ili kutoka namba ya Hawaii kwenda ya Réunion, watu wa siku nyingi walikuwa wakizidisha kwa 0.88, mwongozo mpya wa shirika la dunia unasema 0.93 ukiwa baharini.

Chukua mfano. Hawaii wanaandika noti 70, yaani kilomita 130 kwa saa. Mtangazaji wa Marekani hapo anasema "daraja la 1". Zidisha kwa 0.88, unapata noti 62. Kwa kipimo cha Réunion hiyo bado ni dhoruba kali, haijafika kimbunga. Basi jioni hiyo mmoja atakwambia "Wamarekani wamesema ni kimbunga", mwingine atajibu "Réunion wamesema ni dhoruba, acheni kutisha watu", watakunjiana ngumi, na wote wawili wamesoma jambo moja.

Mstari wa pili una mtego wake. Hawaii wakiona mfumo wowote wa nusu ya kusini ya dunia umevuka noti 35 hivi, wanauita kwa jina ambalo ukilitafsiri moja kwa moja ni "kimbunga cha tropiki". Réunion wana ngazi: dhoruba ya wastani kuanzia kilomita 63 kwa saa, dhoruba kali kuanzia 89, kimbunga kuanzia 118, kimbunga kikali kuanzia 166, na kikali mno kikivuka 212. Kiswahili chetu cha redioni kinazimeza ngazi zote hizo ndani ya neno moja, "kimbunga", kuanzia upepo wa kuangusha mabango hadi ule wa kung'oa paa la msikiti. Simlaumu mtangazaji, maana neno fupi ndilo linaloingia kwenye dakika zake mbili. Ila wewe unayetaka kuamua jambo, usiishie kwenye neno. Tafuta kilomita kwa saa, kisha uulize ni wastani wa dakika ngapi.

Kwa nguvu, mimi nachagua Réunion. Si kwamba Hawaii ni wabaya. Taarifa zao ni nzuri, na wakati mwingine wanautilia shaka mfumo mapema kuliko wengine. Lakini Réunion ndio wanaosomwa na idara za hali ya hewa za nchi zetu, na maelezo yao marefu yanakueleza kwa nini wameamua hivyo: kuna hewa kavu inaingia upande huu, kuna upepo wa juu unaokikata kichwa, maji ya chini yana joto kiasi gani. Maelezo hayo yana faida kuliko namba. Ukiona mtabiri mwenyewe ameandika kwamba hana uhakika na kitovu kiko wapi, nawe punguza sauti.

Hakuna aliyekipima

Jambo moja wapenzi wengi wa hali ya hewa hulisahau. Atlantiki Wamarekani wana ndege zinazoingia ndani ya kimbunga na kudondosha vipimo. Huku kwetu hakuna. Namba unayoisoma kuhusu kimbunga kilichopo mashariki ya Mafia ni makadirio ya mtu aliyekaa mbele ya picha ya satelaiti.

Njia wanayotumia inaitwa ya Dvorak, kwa jina la Mmarekani Vernon Dvorak aliyeitunga miaka ya 1970. Mtaalamu anaangalia umbo la mawingu: yamejikunja kiasi gani, jicho lipo au halipo, juu ya mawingu kuna baridi kiasi gani. Kisha anatoa alama, kuanzia 1 hadi 8, kwa kupanda nusu nusu. Alama ya 4.0 ni noti 65. Alama ya 4.5 ni noti 77. Kwa hiyo wataalamu wawili wazuri, wenye picha moja, wakitofautiana nusu alama tu, tayari wametofautiana noti 12, yaani kilomita 22 kwa saa. Hapo hakuna aliyekosea.

Ndiyo maana nacheka kidogo, na naomba radhi kwa kucheka, nikiona mtu anabishana kama ni kilomita 120 au 130. Tofauti hiyo haipo baharini, ipo kwenye karatasi.

Kipimo kilicho karibu na kweli ni kile cha satelaiti zinazosoma mikunjo ya uso wa bahari, kama ASCAT. Zikipita juu ya kimbunga zinaonyesha upepo ulivyotandaa pande zote, na hilo kwa mvuvi ni muhimu kuliko upepo wa pale kati. Tatizo lao ni kupita. Zinafagia bahari kwa mistari miwili yenye pengo katikati, na kimbunga kidogo kinaweza kuangukia pengoni ukakaa nusu siku bila kitu. Halafu zikikutana na upepo mkali sana huwa zinapunguza. Vimbunga vinavyokaribia ikweta mara nyingi ni vidogo kwa upana, na kidogo hupata nguvu upesi na kuipoteza upesi. Taarifa ya saa sita zilizopita inaweza kuwa hadithi ya zamani.

Njia: Ulaya na Marekani

Sasa tufike kwenye ubishi wenyewe. Ijumaa asubuhi, tarehe 3, nilivuka na pantoni kutoka Kigamboni nikiwa na rafiki zangu wawili wa mambo haya. Mmoja ni wa modeli ya Ulaya, ECMWF, haambiwi kitu. Mwingine ni wa GFS ya Wamarekani, kwa sababu, anasema, haina majivuno na ni ya bure tangu zamani. Walianza kabla hatujakaa, kila mmoja amemshikia mwenzake simu usoni, mpaka mama mmoja mwenye beseni la maandazi akawauliza kama ni timu gani zinacheza.

Nikawatazama simu zao. Yule wa GFS alikuwa anaangalia ramani iliyokokotolewa kwa hali ya usiku uleule. Yule wa Ulaya alikuwa anaangalia ya jana alasiri. Wanabishana, kumbe hata siku yao si moja.

Hili la saa linahitaji kusemwa taratibu. Modeli hizi huanza hesabu zake mara nne kwa siku, kwa saa za dunia: 00, 06, 12 na 18. Kwetu Afrika Mashariki hizo ni saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Lakini hesabu haitoki papo hapo. GFS ya saa 9 usiku inakuwa imekamilika kwenye saa 2 asubuhi, wakati watu wanakunywa chai. Ile ya Ulaya ya saa ileile inakamilika karibu saa 4. Kwa hiyo kila asubuhi kuna saa mbili hivi ambazo Mmarekani amekwisha kusema na Mzungu wa Ulaya bado, na ubishi wa chai ya asubuhi huwa ni wa upande mmoja. Programu kama Windy huandika ramani imetokana na hesabu ya lini. Liangalie kwanza hilo.

Tukizilinganisha zikiwa za saa moja, sifa zake ni hizi. Modeli ya Ulaya inaigawa dunia katika vipande vya kilomita 9 hivi, ya Marekani kilomita 13. Kwa njia ya kimbunga, kwa miaka mingi, Ulaya imekuwa mbele kwa wastani. Neno "wastani" nimelitumia makusudi, kwa sababu kipo kimbunga kimoja kimoja ambacho GFS ilikipata na Ulaya ikapotea. GFS ina ugonjwa wake unaojulikana: ukiisogeza siku ya nane au ya kumi, inapenda kuzaa kimbunga ambacho hakitazaliwa. Picha ya jicho kubwa jekundu likiingia Bagamoyo wiki ijayo, inayozunguka kila Aprili, mara nyingi ni hiyo. Kwangu mimi, ramani ya GFS ya zaidi ya siku tano siionyeshi mtu mwenye boti.

Nguvu ya kimbunga kwenye modeli hizi usiifuate kabisa, hasa kikiwa kidogo. Kitovu chenye upana wa kilomita 20 au 30 ndani ya vipande vya kilomita 9 au 13 ni sawa na kuchora uso wa mtu kwa kutumia matofali. Njia itaonekana, pua haitaonekana.

Kosa kubwa zaidi la marafiki zangu wote wawili lilikuwa mstari. Kila mmoja alikuwa anauonyesha mstari wake mmoja kama reli. Modeli ya Ulaya inafanya hesabu 51 kwa mkupuo, kila moja imeanzia na tofauti ndogo, na ya Marekani inafanya 31. Ukizifungua zote unapata si reli bali matawi, na upana wa matawi yale ndio habari yenyewe. Yakiwa yamebanana, tulia na upange. Yakiwa yametanuka kutoka Tanga hadi Cabo Delgado, mwenye kukutajia mtaa anakudanganya.

Tupime kwa ardhi yetu. Kutoka Dar hadi Kilindoni, Mafia, kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 130. Kutoka Mafia hadi Kilwa Masoko ni zaidi kidogo ya 110. Vituo vikubwa vya dunia, kwa wastani, utabiri wao wa kesho hukosea kwa makumi ya kilomita, na wa siku tatu mbele hukosea kwa zaidi ya 100. Maana yake Alhamisi ile, mjomba aliponiuliza kama ni Kilwa au Dar, jibu la kweli lilikuwa kwamba Dar, Mafia na Kilwa zote zilikuwa ndani ya kosa la kawaida. Hakulipenda. "Yaani unaniambia hujui?" Nikamwambia ninajua kwamba haijulikani, na kwamba itajulikana zaidi kesho jioni, kwa hiyo asiamue kwa mstari, aamue kwa boti: kuzipandisha kunamgharimu nini, na kuziacha kunamgharimu nini?

Kuhusu modeli za akili mnemba nitasema kwa ufupi, maana sasa kila mtu anazitaja. Google DeepMind walitoa GraphCast mwaka 2023, na kituo cha Ulaya kilianza kuitumia rasmi yake, AIFS, Februari 2025. Kwa njia ya kimbunga ni nzuri kwa kushangaza, na zinatoa jibu kwa dakika. Kwa nguvu ni dhaifu, zinapenda kulainisha. Ziweke kama sauti ya tatu mezani. Ulaya, Marekani na akili mnemba zikikubaliana kuhusu njia, uzito wake ni mkubwa kuliko moja peke yake. Kuhusu upepo, zisikuamulie.

Uko upande gani wa kitovu?

Hapa ndipo mabishano yetu yanapokosa kitu muhimu kuliko vyote. Watu wanauliza kitovu kinaingia wapi. Waulize: mimi nitakuwa kaskazini yake au kusini?

Nusu yetu ya dunia, kimbunga kinazunguka kwa kufuata mshale wa saa. Chora duara kwenye mchanga, weka mshale, kisha lisogeze duara kutoka bahari kuja bara. Utaona upande wa kusini upepo unatoka baharini unakuja pwani, tena unaongezewa na mwendo wa kimbunga chenyewe. Huko ndiko maji yanasukumwa, huko ndiko mawingu yanamwaga mvua ardhini. Upande wa kaskazini upepo unatoka bara kwenda baharini.

Linganisha vimbunga viwili. Kenneth, Aprili 2019, kilikuwa kikali kuliko chochote kilichorekodiwa kuingia Msumbiji. Mtwara walitahadharishwa, watu wa pwani wakatakiwa kuhama. Tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, kusini ya mpaka. Mtwara ikabaki kaskazini ya kitovu na ikapona. Kuna waliosema baadaye kwamba watabiri walitisha bure. Hapana. Kingepinda kidogo kuelekea kaskazini, habari ingekuwa nyingine.

Hidaya kilikuwa na nguvu ndogo kuliko Kenneth. Kiliingia Mafia Jumamosi tarehe 4 Mei, na usiku huo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikatangaza kimepoteza nguvu. Dar, upande wa kaskazini, ilipata upepo na mvua, boti za Unguja zikasimama, na mambo yakaisha. Kilwa na Lindi, upande wa kusini, wakapata maji. Barabara ya kwenda mikoa ya kusini ilikatika sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo, na watu wakakaa siku wakisubiri njia. Kwa namba ya upepo, Hidaya kilikuwa kimekufa. Kwa mvua, ndipo kilipokuwa kinaanza.

Wiki mbili baadaye likaja jina jingine, Ialy, na watu wa Mombasa na Lamu wakaanza kulichora likigeuka kushoto kama Hidaya. Ialy kikapanda kaskazini mbali na pwani, kuelekea upande wa Somalia, kikaacha upepo na mawimbi. Mwenye kukumbuka kimoja tu hufikiri vyote vitafuata nyayo zake.

Basi umfuate nani?

Inategemea unataka kuamua nini.

Ukiwa na boti, duka la ufukweni, safari ya Unguja au watoto wa kuwapeleka shule, wa kwanza ni TMA kwa Tanzania, na idara ya hali ya hewa ya Kenya kwa walioko Mombasa hadi Lamu. Najua wapenzi wengi wa hali ya hewa huona kama ni kujishusha kusoma taarifa ambayo kila mtu anaisoma. Lakini Réunion hawatakwambia urefu wa mawimbi kati ya Mafia na Kilwa, wala kama mvua ya kesho itaangukia ardhi iliyokwisha kulowa kwa masika ya mwezi mzima. TMA wanasema hivyo, na wanasema kwa ngazi ambazo inafaa uzijue kwa kichwa: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Ngazi hizo zimepangwa kwa madhara yanayotarajiwa na uwezekano wake, si kwa kasi ya upepo peke yake. Kisha kwa sheria ya 2019 wao ndio wenye mamlaka ya kutoa tahadhari nchini, na nahodha akizuiwa kutoka bandarini atazuiwa kwa karatasi yao, si kwa ramani yako ya Windy.

Ukiwa na hamu ya kujua kimbunga kina nguvu gani, soma Réunion. Hawaii waweke pembeni kwa kulinganisha, ukikumbuka ule mzidisho. Ukitaka njia ya siku mbili hadi tano, fungua hesabu nyingi za Ulaya, kisha za Marekani za saa ileile, na uangalie upana. Zaidi ya siku hizo, jua tu kwamba kuna kitu cha kukitupia jicho. Kikiwa kimebakiza chini ya siku moja, achana na modeli. Angalia picha za satelaiti zinazosogea, angalia kitovu kiko wapi sasa hivi, na msikilize aliye karibu nacho. Mtu wa Kilindoni anayekwambia kusi imegeuka ghafla na bahari ina mgongo mrefu amekupa kipimo ambacho ASCAT inaweza kukukosesha.

Wazee wa pwani nao wana maneno yao, na sitawadharau. Wimbi refu la kutoka mashariki siku ambayo hakuna upepo ni dalili ya kweli, kwa sababu mawimbi ya kimbunga hukitangulia. Lakini wimbi linakwambia kipo, halikwambii kinakwenda wapi. Mjomba mwenyewe aliliona Ijumaa alfajiri, akanitumia sauti fupi: "Bahari inapumua vibaya."

Ijumaa ile mchana alipandisha boti zote mbili, na ngalawa ya jirani aliyekuwa safarini Tanga. Gharama ilikuwa mafuta ya trekta na siku tatu bila kuvua. Jumamosi usiku nilimpigia nikiwa na furaha, kimbunga kimeingia Mafia, kimevunjika, Réunion wanashusha namba, yule rafiki yangu wa Ulaya anadai ushindi na yule wa GFS anadai sare. Mjomba alikuwa anapiga kelele juu ya mabati.

"Sikusikii! Mvua!"

Jumanne akapiga tena. Boti salama. Samaki wa mwenzake, lori zima, limekwama upande wa kusini wa Somanga na barafu imekwisha tangu jana.

"Sasa mwanangu," akasema, "hao wa Hawaii, barabara nayo wanaiweka kwenye ramani yao?"